Maji ya Bafuni

Nyumba tuliyokulia Morogoro ilikuwa na bafu la nje la matofali ya kuchoma, lisilo na paa, na chini ya ukuta wake wa nyuma palikuwa na tundu la kuenea ngumi ya mtoto. Maji ya kuogea yalitokea hapo. Mama alichimba kijifereji kilichoanzia kwenye tundu lile, kikapita chini ya migomba miwili, kikazunguka magimbi, kikaishia kwenye matembele. Jioni mtu akiingia kuoga, sisi watoto tulichuchumaa pembeni kuyangoja maji. Yalitoka na povu kidogo, yakisukuma vijiti na mizoga ya sisimizi, yakasita kwenye mgomba wa kwanza kama mgeni anayepiga hodi, kisha yakaendelea. Kaka yangu alitembea nayo sambamba mpaka yafike mwisho. Baba ndiye aliyetuletea maji mengi kuliko wote, kwa sababu alirudi kutoka kiwandani na grisi mpaka viwikoni.

Mchicha haukuwa kwenye njia hiyo. Mama alisema mchicha unaliwa jani na shina, tena unakaa chini chini, kwa hiyo haunyweshwi maji ya sabuni. Ulipewa maji ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga, kwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari. Maji ya kufulia nayo yaligawanywa: ya kwanza, mazito, yalikwenda kwa migomba, ya kusuuzia mara ya mwisho yalikwenda kwa bamia. Sabuni yenyewe ilikuwa ya mche, inakatwa vipande kwa uzi, na ilipatikana kwa kupanga foleni. Sikumbuki kama kuna siku niliona maji yakimwagwa uani ovyo.

Ilikuwa miaka ya 1980, na waliokuwapo wanajua mshahara ulifika tarehe ngapi ukaisha. Makarani, walimu, manesi, mafundi, wote walikuwa na kijishamba mahali: kando ya barabara, pembeni mwa reli, nyuma ya ofisi. Mama alikuwa na mazoea hayo tangu 1974, mwaka wa ukame, serikali ilipotangaza kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona na hata watu wa mjini wakatakiwa kulima kila kipande kilicho wazi. Kampeni ilipita. Mama hakuliweka jembe chini.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuuza. Kabla ya shule nilibeba beseni la mchicha uliofungwa mafungu kwa kamba za mgomba, nikapita nyumba hadi nyumba. Niliona aibu. Kulikuwa na nyumba moja yenye geti la bluu ambako mwanafunzi mwenzangu aliishi, na nilipofika pale nilipita kimya, bila kuita, ingawa mama yake alikuwa mnunuzi mzuri. Nilikua nikiamini kwamba mtu akifanikiwa maishani atakuwa mtu wa kununua mboga sokoni, na kwamba jembe la mama lilikuwa alama ya kile tulichokosa. Imani hiyo nilikaa nayo miaka mingi sana. Naiandika hapa kwa sababu najua siko peke yangu. Shule nyingi tulizosoma zilimpeleka shambani mtoto aliyechelewa namba, na mtoto anayelimishwa kama adhabu hukumbuka adhabu akiona jembe.

Likizo tulipelekwa kwa bibi, Mgeta, juu katika milima ya Uluguru. Sisi ni Waluguru, na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo shamba lile lilikuwa la bibi kama lilivyokuwa la mama yake. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mashamba yalipanda mlima kama ngazi, na mifereji myembamba ililetwa kutoka kwenye vijito ikipitishwa ubavuni mwa mlima, kabichi za huyu zikinywa kisha maji yanashuka kwa jirani. Babu alituhadithia kwamba matuta yale ya ngazi yalikuwa na ugomvi wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya aina hiyo milima yote, kuzuia udongo usiporomoke, na mwaka 1955 watu walichoka, wakagoma, upande wa Matombo damu ikamwagika. Kazi ilikuwa ngumu, na kwenye miteremko mingi kuchimba huko kulifukua udongo mfu wa chini na kuzika ule wenye rutuba, hivyo mahindi yaliyopandwa yalidumaa. Pale Mgeta matuta yalibaki, kwa sababu pale palikuwa na maji ya mifereji na watu walilima mboga. Ngazi ni zile zile. Mlima mmoja uliweza kuzitumia, mwingine haukuweza. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi niliposikia habari hiyo, na niliihesabu kuwa habari ya wazee.

Nilikwenda Dar es Salaam kusoma, nikabaki. Miaka kumi na tatu nilipanga vyumba visivyo na uani. Mwaka 2011 tulihamia nyumba yetu Kimara, kwenye moja ya miteremko ile inayotazama bondeni, nyumba ikiwa bado haina dari. Mke wangu alitaka maua mbele. Mimi, bila kujua vizuri kwa nini, nilitaka mboga nyuma. Labda ni umri. Mtu akipata watoto huanza kumsikia mama yake ndani ya kichwa chake.

Nilianza kwa kununua. Udongo wetu ni mwekundu wenye kichanga, na niliambiwa haufai, basi nikaagiza tripu mbili za udongo mweusi wa bondeni. Ulikuwa mzuri kuutazama. Ndani yake kulikuwa na ndago. Asiyeijua ndago na aombe asiijue: unang'oa jani, unafurahi, kumbe chini kuna vijikokwa vyeusi kama punje za mbaazi vimeshikana kwa nyuzi, na kila kijikokwa ulichokiacha kinatoa jani jingine baada ya siku chache. Miaka yote hii bado naing'oa. Nikanunua viroba vinne vya mbolea ya kuku kutoka bandani, mbichi, bado ina joto ukiingiza mkono. Niliimwaga kwenye matuta nikapanda miche ya mchicha jioni ile ile. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia, siku ya sita miche yote ilikuwa imelala. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza. Inataka kurundikwa na majani makavu, inyunyiziwe maji, igeuzwe, isubiri wiki kadhaa mpaka ipoe na ipoteze harufu ile ya kukata pumzi. Mtoto yeyote wa mkulima wa mboga angenieleza. Mimi sikumuuliza mtu.

Halafu zikaja mvua za masika. Nilikuwa nimeyachora matuta yangu kwa kufuata mteremko, kutoka ukutani kushuka chini, kwa kuwa yalipendeza hivyo ukiyatazama kutoka mlango wa jikoni. Mvua moja ya usiku, ile ya Aprili inayopiga bati mpaka watu ndani wasisikilizane, ilipita katikati ya matuta kama njia iliyotengenezewa. Asubuhi nyanya zangu zilikuwa kwenye ukuta wa jirani na tripu zangu mbili za udongo zilikuwa bondeni zilikotoka. Nilisimama pale na taulo shingoni nikamkumbuka babu na ngazi zake.

Nilipompigia mama simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole baba. Kwani hapo kwako maji huwa yanapita wapi?" Nilimjibu kwamba yanapita kila mahali. Hakuniuliza zaidi. Nilipokwenda kumwona mwaka 2014 alinikatia marando ya matembele yake, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, akayafunga kwenye gazeti lililoloweshwa na kunipakatisha kwenye basi. Niliyapanda nikiyalaza mshazari, macho mawili matatu ya rando yakiwa chini ya udongo, nyuma ya nyumba, mahali pasipo na sababu yoyote zaidi ya kwamba palikuwa wazi. Yalishika. Matembele hushika karibu popote. Lakini yalikaa hivyo tu, membamba, ya kuishi.

Jambo la kwanza nililojifunza pale uani kwa macho yangu mwenyewe lilikuwa kivuli. Uani kwetu ni upande wa kusini wa nyumba. Kati ya Novemba na Februari kila nilichopanda karibu na ukuta kilinawiri. Ikifika Juni mchicha ule ule, kwa maji yale yale na mbolea ile ile, ulirefuka ukawa mwembamba na kupauka. Nilishuku udongo, nikashuku mbegu, nikabadilisha duka. Ilinichukua miaka mitatu kuinua kichwa. Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini mwa ikweta, na jua la mchana hukaa utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba. Mwezi Desemba linapita upande wa kusini na kuutazama uani wetu waziwazi. Mwezi Juni liko kaskazini, nyuma ya paa, na nyumba yangu inatupa kivuli cha hatua mbili kamili juu ya matuta siku nzima. Nilichukua chokaa nikachora mstari wa kivuli chini, saa sita mchana, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mistari ile ilisogea kama maji ya bahari yanayojaa na kupwa. Tangu hapo wakati wa kipupwe sipandi kitu ndani ya mstari wa Juni isipokuwa mnanaa na kotimiri. Jua lilikuwa likifanya hivyo miaka yote, nami nilikuwa nikiishi chini yake.

Oktoba 2022 mama alikuja Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa na miaka sabini na nane na macho yote mawili yalikuwa na ukungu; aliona mwanga na vivuli, watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Ulikuwa msimu mbaya wa kuja. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, Mto Ruvu umepungua, na jiji zima likawa kwenye mgao wa maji. Bomba letu lilitoa maji siku moja, likakaa siku kadhaa likitoa upepo. Tuliweka madumu kila pembe. Bustani niliiacha ife. Huwezi kumwagilia bamia wakati watoto wanaoga kwa kikombe.

Mama alipenda kukaa uani asubuhi, kwenye mkeka, mgongo ukutani. Asubuhi ya tatu nilimkuta ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilimwamkia.

"Marahaba baba. Nani anaoga?"

"Mjukuu wako, anajiandaa kwenda shule."

"Na hayo maji yake yanaanguka wapi? Nasikia yanaanguka mbali."

Nikasikiliza. Kweli, ukutani nyuma ya mgongo wake kulikuwa na bomba la plastiki, na ndani yake maji yalikuwa yakishuka, na mwisho, chini ya ule mfuniko wa zege, yalidondoka kwenye shimo la maji machafu kwa sauti ya kisima. Nilikuwa nimeishi na sauti hiyo miaka kumi na moja. Nilimwambia yanakwenda shimoni pamoja na ya chooni.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Hakuwa mtu wa kukemea. Baadaye alisema tu, "Yote?"

Siku ile nilikaa nikapiga hesabu. Tulikuwa watu sita na mama wa saba. Hata katika mgao kila mtu alitumia nusu ndoo asubuhi na nusu ndoo jioni, na ndoo ni lita 20. Watu sita peke yao ni lita 120 kwa siku, bila kuhesabu nguo. Jaruba la mboga la mita moja kwa mita moja, wakati wa kiangazi, linatosheka na lita nne hadi tano kwa siku. Bustani yangu yote, iliyokuwa inakauka mbele ya macho yangu, haikufika mita za mraba ishirini na tano. Maji yake yalikuwapo wakati wote, yakipita ndani ya ukuta.

Fundi bomba alikuja Jumamosi. Kutenganisha maji ya kuogea na ya chooni kulichukua asubuhi moja, kiungo kimoja na mita nne za bomba. Kazi ya mchana ilikuwa ya mama. Alikataa kukaa. Alinishika mkono, akavua kandambili, akatembea uani kwa nyayo, polepole, akihisi mteremko. Pale alipohisi mguu mmoja uko juu kuliko mwingine alisimama akasema nichome kijiti. Tulichoma vijiti kumi na saba. Nilipovitazama kutoka jikoni niliona mstari unaokata mteremko kwa upole, ukienda upande upande, ukizunguka mahali palipo na mwamba ambao mimi nilikuwa sijui kama upo. Mwanamke asiyeona alinionyesha ardhi yangu ilivyolala.

Tulichimba kwa kufuata vijiti. Mwanzoni, bomba linapomwaga, tuliweka shimo dogo lenye kokoto chini na mchanga juu, linase mafuta na nywele. Huwa nalifukua na kulisafisha kila baada ya miezi miwili, na harufu yake siku hiyo si nzuri. Kisha mgomba, kisha magimbi, kisha mpapai, kisha matembele yaliyohamishwa kutoka mahali pake pa zamani. Mpango ule ule wa Morogoro. Matembele yalikaa mwisho kabisa, na mama alitaka maji yapite chini, kwenye shina, yasiguse majani. Mchicha, figiri na nyanya vilibaki na maji ya kuoshea mchele na mboga. Nguo zinazofuliwa kwa dawa ya kung'arisha, maji yake bado yanakwenda shimoni, na nguo za mtoto mchanga mwenye nepi vilevile. Watu wa nyumbani walizoea ndani ya wiki. Mwanangu mdogo, wa miaka minane wakati huo, alianza kukimbia nje na taulo kiunoni kuangalia maji yake yamefika wapi.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, akakaa na bandeji, na siku walipoifungua alirudi nyumbani akapita moja kwa moja mpaka uani. Alilitazama tembele lililokuwa limeanza kutoa machipukizi ya zambarau, akalikata kwa ukucha, akalinusa. Hakusema neno.

Tangu hapo bustani imekuwa bustani. Napenda kueleza kidogo namna mchicha unavyosiwa kwetu, maana ni kazi ninayoipenda kuliko zote. Mbegu zake ni ndogo mno, gramu moja ina zaidi ya elfu moja, nyeusi, zinang'aa kama baruti. Ukizitupa zenyewe zinaangukia mahali pamoja na kuota kama manyoya. Nachanganya kijiko kimoja cha mbegu na kopo zima la mchanga mkavu, natikisa, kisha napitisha mkono juu ya jaruba nikiuachia mchanga uvuje kati ya vidole. Nafunika kwa udongo laini, wa kiasi cha unene wa ukucha tu, natandaza nyasi kavu juu, namwagilia kwa kopo la matundu. Siku ya nne nikifunua nyasi asubuhi nakuta nyuzi nyekundu zimeinama, kila moja ikiwa bado imevaa ganda lake kichwani. Wiki ya tatu naanza kupunguza, na majani hayo ya kupunguza ndiyo matamu kuliko yote, hayahitaji hata kukatwa. Nayapika kwa kitunguu, nyanya moja, na tui zito la nazi mwishoni moto ukiwa umeshushwa. Mchicha wa Dar es Salaam watu wanaula kwa mashaka siku hizi, wakiuliza ulinyweshwa maji ya mto gani na mto huo umepita kiwanda gani. Ni swali la haki. Kwa jaruba hili jibu lake nalijua, mpaka jina la aliyeosha mchele.

Vingine vilikuja vyenyewe. Mwaka jana vidukari walijaa kwenye kunde, weusi, wamebanana kwenye ncha changa mpaka shina halionekani, na sisimizi wakipanda na kushuka kuwakamua utamu wao. Nilishachemsha majani ya mwarobaini, bomba la kupulizia liko tayari. Mwanangu akaniita nione: kati yao alikuwapo mdudu mmoja mwekundu mwenye madoa meusi, wa duara, kama nusu ya punje ya kunde iliyopakwa rangi. Alikuwa akila. Anamshika mmoja, anammaliza, anageuka kwa mwingine bila haraka. Tukaweka bomba chini. Baada ya siku nne tulihesabu wanane, na wengine wa umbo tofauti, wembamba wenye miiba miiba kama mamba wadogo, ambao niliwaua wawili kabla sijajua kwamba ni watoto wa hao hao. Wiki iliyofuata kunde zilikuwa safi. Ningepuliza ningewaua wote, wala na waliwao, na vidukari ndio wangetangulia kurudi.

Na yupo chozi. Ndege huyu mdogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda, alikuwa akija kwenye maua ya mgomba. Novemba iliyopita jike alianza kujenga kwenye tawi la mbaazi, hatua tano kutoka dirisha la bafuni. Katika kona ya dirisha hilo kulikuwa na utando wa buibui ambao mke wangu alikuwa ameshaniambia mara mbili niufagie. Asubuhi moja nikiwa napiga mswaki nilimwona chozi ananing'inia hewani mbele ya kioo, mabawa hayaonekani kwa kasi, anavuta utando kwa ncha ya mdomo, uzi kwa uzi, kisha anaruka nao. Alikuwa akishonea nyumba. Majani makavu, nyuzi za magome, vipande vya karatasi, vyote alivifunga kwa utando ule, mpaka kikawa kifuko kinachoning'inia chenye mlango ubavuni na kibaraza kidogo juu yake cha kuzuia mvua. Siku kumi na moja nilichelewa kazini dakika kumi. Dirisha halikufagiwa mpaka makinda mawili yaliporuka.

Watu wanaokuja kwetu wanashangaa kwamba hatuna pevingi uani. Mtaa wetu karibu nyumba zote zimefunikwa, ukuta hadi ukuta, na mvua ikinyesha maji yote yanatoka getini kwa kasi na kuchimba barabara, kisha watu wanalalamika kuhusu barabara. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu hata Morogoro nyumbani kwa mama, wapangaji wa upande wa pili waliomba uani uwekwe sakafu ili magari yao yasiingie tope, na sisi watoto tukakubali, tukachanga na fedha. Tulidhani tunamrahisishia mama kufagia. Bafu la nje lilivunjwa. Migomba iling'olewa. Matembele ya tangu utoto wetu yaliishia chini ya zege, na mama hakutuambia neno.

Maji ya bomba ya Kimara yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi. Ruvu inatoka Uluguru. Mto Mgeta unaingia humo, na Ngerengere vilevile, ambao nao umebeba Mto Morogoro uliokuwa ukipita karibu na shule yetu. Kwa hiyo mvua iliyonyesha juu ya ngazi za bibi ikikosa kunywewa na kabichi hushuka, hupita mashamba na miji, hupandishwa kwa pampu mpaka kilimani kwetu, mwanangu anaiogea, kisha inatoka ukutani na kusita kwenye mgomba wa kwanza. Huwa nafikiria safari hiyo jioni nikiwa nimesimama na jembe, taa za bondeni zikianza kuwaka.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama alikuja kwa jicho la pili, na siku ya kuondoka aliniomba kisu. Alichagua mwenyewe marando kumi na mawili, mekundu ya shina, akayapima kwa mkono wake kutoka kiwiko hadi kiganja, akayafunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Alisema amezungumza na mpangaji na watapasua sakafu kidogo, kipande cha ukubwa wa mlango tu, pale lilipokuwa bafu. Nilimpakia kwenye basi akiwa ameyapakata.

Alinipigia baada ya siku tisa, asubuhi na mapema. Hakungoja nimalize kumwamkia.

"Yameshika," alisema.